Mkanda wa Kiti cha Baba

Leo Baba kagoma kufungwa mkanda, na aliyeishia kulia ni mimi.

Tangu ateleze kwenye ngazi za nyumba ya kaka hapa Kasulu, tunamtafutia kile kiti cha umeme kinachompandisha mtu ghorofani akiwa amekaa.

Fundi kaleta viwili, kaviweka sebuleni Baba avijaribu.

Kimoja kina mkanda. Kingine hakina, na ndicho alichokitaka.

"Sifungwi kama mtoto. Watu watanicheka."

Kaka kabembeleza. Fundi kaeleza mpaka kachoka. Wanaomjua Baba wanaelewa.

Nikachuchumaa mbele yake.

"Baba, unakumbuka nilivyoungua mguu kwa maji ya maharage?"

Miaka ya sabini hiyo, kijijini kwetu Murungu, sijaanza hata shule. Mama alikuwa ametoka kujifungua. Baba akachukua kitenge cha Mama, akanifunga mgongoni, akanipeleka hospitali Kibondo kwa miguu.

Mwanaume, enzi zile, na kitenge mgongoni. Waliokulia Murungu semeni wenyewe hapo chini.

Tulipopita kwenye kilabu cha pombe, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mguu wenyewe ndio huu natembelea hadi leo.

"Walicheka sana," Baba akasema.

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nilikaza fundo."

Akautazama ule mkanda. Kisha akainua mikono yote miwili, kama mtoto anayevishwa shati, akasubiri nimfunge.