Mukate ya Masuku

Mwaka jana, siku chache mbele ya Noeli, mi nilisimama mbele ya ukuta na kikapu tupu mu mukono, mutu muzima wa mvi, nikataka kulia juu ya matunda.

Ile ukuta iko nyuma ya Kapata, mutaa yetu. Ni ya matofali ya sima, na waya ya miiba juu. Zamani ile fasi ilikuwa pori ya masuku. Kama haujui masuku, nakuhurumia. Ni tunda ya pori, ya mviringo, ngozi ngumu ya rangi ya kutu, na ndani nyama ya manjano yenye inapita asali. Inaanguka wakati wa mvua, karibu na Noeli.

Mwenye alinituma ni yaya yangu, dada yangu mukubwa. Tumebaki siye wawili tu. Macho yake yamekufa, miguu haimubebe tena. Hatoki mu lupangu, kiwanja ya nyumba yake, ile ile nyumba ya Kampani ya mugodi kwenye papa alitumika, yenye tulikomalia. Aliniambia: "Mudogo wangu, hii Noeli nataka mukate ya mama nkambo. Ile ya masuku na kalanga. Usiniletee keki ya kununua ku magazini, inakwama mu koo sawa sifongo." Mama nkambo ni bibi yetu, marehemu. Kisha yaya akasema hana hakika ya kuona Noeli ingine. Yaya haiko mutu wa kuomba-omba. Nilichukua kikapu.

Ku mulango ya chuma kulikuwa mulinzi, kijana mwenye kofia ya njano.

"Papa, unatafuta nini?"

"Masuku."

Akacheka. "Masuku? Papa, hapa ni konsesio, eneo ya mugodi. Banachimba kobalti."

"Miti iko huko ndani."

"Ilikatwa yote, papa. Ulikuwa umelala wapi?"

"Mama yako njo alikufundisha kusema na bakubwa hivi?"

"Mama yangu iko Kananga, papa. Hata mi Noeli yake sitaiona. Nimeomba ruhusa, banakatala."

Nilikuwa na matusi tayari mu mudomo, nikayameza. Huyu hakukata hata muti moja. Benye balikata habasimame ku jua na kofia ya njano. Beko mu ofisi ya baridi, na habajui hata masuku inafanana na nini. Nikarudia nyumbani na hasira yangu yote, bila fasi ya kuitua.

Rafiki yangu, ile pori! Mvua ya usiku ikiisha, mama nkambo alituamshaka mi na yaya, tunashuka nyuma ya nyumba ya mwisho ya mustari yetu, tunavuka kamto, majani inatulowanisha mpaka ku kiuno. Chini ya miti masuku imejaa sawa mawe. Mama nkambo alikuwa na sheria moja: hakuna kutikisa muti. Yenye iko chini ni yetu, yenye iko juu haijakuwa ya mutu. Mutoto mwenye alishika tawi alirudia nyumbani na masikio ya moto. Mi sikusoma mingi, kalasi ya tatu ya primère, shule ya musingi, basi, nikaanza kubeba bigunia ku soko mpaka nikajinunulia kamio, lori yangu, na hakuna mutu alinipa kitu. Lakini hata mi naona: mama nkambo hakuwa na ukuta wala karatasi ya muhuri, na miti ilibaki. Hawa benye ukuta beko na karatasi na mihuri, na hakuna hata kisiki.

Nyumbani tulimenya masuku, tukaikamua mu maji kidogo mpaka mbegu iachane na nyama, na mama nkambo akachuja mu kitunga. Kulibaki uji muzito ya manjano. Yaya alikaangaka kalanga, akaisugua katikati ya biganja, akapepeta, ngozi nyekundu inaruka mpaka kwa jirani. Kisha bunga ya ngano ya posho ya papa, mayai, sukari, mafuta, na bikarbonate kidogo ku ncha ya kijiko. Hakuna kungojea ivimbe. Unachanganya, unaweka ku moto.

Ku kuchanganya njo kulikuwa na kazi. Batu ya kwetu tunajua bukari, ugali yetu: unapiga mwiko mpaka mabega inauma. Mwaka moja jirani yetu wa nyumba ya pili, mama mwenye mikono sawa ya mwanaume, alikuja kusaidia. Mama nkambo alikuwa inje anawasha makala ku mbabula, jiko yetu ya makaa. Yule mama akashika mwiko, akaipiga ile bunga sawa anapikia harusi.

"Mama we!" mama nkambo akapiga kelele ku mulango. "Unaiua!"

"Naichanganya vizuri, mama."

"Hii haiko bukari! Unagusa tu, unaiacha na mabonge yake!"

Ilikuwa imechelewa. Mukate ilitoka fupi na ngumu. Papa akaigonga na kidole, akasema: "Musitupe. Nitaiweka ku mulango, tukanyage tukiingia." Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Tangu ile siku mustari yote ilimwita Mama Tofali, na ye aliitikaka.

Tulipikaka mu nyungu ya chuma juu ya mbabula, bati juu ya nyungu, makala juu ya bati, moto chini na moto juu. Harufu ilishika mustari nzima. Bapapa benye balitoka ku kazi ya asubuhi, vumbi mpaka ku kope, balipunguza mwendo mbele ya lupangu yetu bila haya.

Na sasa sikiliza yenye inaniuma zaidi. Kipande ya kwanza haikukuwa ya papa, wala ya mupadri. Ilikuwa ya mutu mwenye mulikosana naye ule mwaka. Mama nkambo hakukubali mutu mwingine akule mbele yake. Kuko mwaka jirani wa ng'ambo alipiga jogoo yetu na jiwe, ikakufa, akakana. Noeli ikafika, yaya akatumwa na sahani, mi nyuma yake. Yule mama alisimama ku mulango, mikono ku kiuno.

"Mumetia sumu?"

Yaya alimega, akatafuna mbele yake, akafungua kinywa kumuonyesha. "Ona. Sijakufa."

"Ngoja kwanza," akasema. "Sumu ingine inachelewa."

Halafu cheko ikamushinda, akapokea. Ku mangaribi alirudisha sahani, na kifaranga imefungwa mu kitambaa.

Leo, mu mustari ile ile, batu banachimba kobalti mu malupangu yao na banafunika shimo na plastiki ili jirani asione. Jirani hajui jina ya jirani. Utamupelekea nani kipande ya kwanza? Utagonga ku ukuta gani?

Mutoto wangu mukubwa, mwenye anaendesha kamio ya mugodi, alinikuta na kikapu yangu tupu akasema: "Papa, ni matunda tu. Nitakuletea keki ya Lubumbashi, ya rangi mbili." Nikamwambia: "Kaa chini kabla sijakupiga." Ni mutu mwenye batoto bane. Alikaa.

Masuku niliipata ku soko, kwa mama mwenye aliitoa mbali, Kasaji, ndogondogo, imepondeka mu njia. Nilipika mi mwenyewe, bamama ba nyumba bananicheka ku dirisha. Asubuhi ya Noeli nikamupelekea yaya. Alinusa kwanza, muda murefu. Akakula, akaomba ingine, akakula.

"Njo yenyewe," akasema. "Masuku ya pori yetu. Hii ladha mi siwezi kuikosea."

Nilimuongezea kipande.

"Ulipita kule ku kamto?"

"Ndiyo, yaya."

"Miti ingali mingi?"

Bajukuu yake balikuwa pale, banatafuna, bananiangalia. Bote banajua ile ukuta. Banapita pembeni yake kila siku ya masomo. Hakuna mwenye alifungua kinywa.

"Iko mingi," nilisema.

"Mungu asifiwe. Mwaka kesho ubapeleke hawa. Bajue njia."

"Nitabapeleka."

Akacheka peke yake, furaha imemujaa uso, akaanza kubahadisia batoto fasi ya kukanyaga mu kamto ili basiteleze. Na bo banaitika, ndiyo nkambo, ndiyo nkambo, sawa bakubwa.

Mi nilitoka inje. Benye ukuta balichukua pori, balichukua njia, balichukua kamto, leo maji yake inashuka nyekundu. Nilikuwa nafikiri balimaliza kuchukua. Kumbe hapana. Maisha yangu yote sijamudanganya yaya hata mara moja, na bo balinifanya muongo mbele yake, siku ya Noeli, mukate ingali mu mukono yake. Balifundisha hata batoto kunyamaza. Ile mi siisamehe.