Wa Tatu Kutoka Kushoto

Harufu ya pasi ya mkaa ikipita juu ya kitambaa kilichonyunyizwa maji hunirudisha Ujiji, kwenye chumba cha mjomba wangu Hamisi, fundi cherehani, mwaka niliokuwa na umri wa miaka kumi. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama ziwani. Kwenye rafu, katikati ya majora ya vitambaa, kulikuwa na gramafoni ya betri, na nje ya dirisha, juu ya kipande cha bati, mjomba alianika betri zilizochoka ili jua lizirudishie nguvu kidogo. Hazikurudi na nyingi. Santuri ilizunguka kivivu, sauti za waimbaji zikashuka na kurefuka mpaka mwanamume akasikika kama anaongea ndani ya pipa. Mtu mwingine angetafuta betri mpya. Mjomba alikuwa amezoea, na akienda kwa rafiki mwenye gramafoni nzima alirudi akilalamika kwamba kule watu wanaimba kama wanafukuzwa.

Kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri walikuja watu watatu kusikiliza pamoja naye kile tulichokiita muziki wa kizunguzungu. Mjukuu wangu anauita saikedeliki, na anashangaa nikimwambia nauelewa. Ni muziki unaokupoteza njia hali umekaa pale pale kwenye mkeka. Haukuwa wa aina moja. Mwalimu Stefano, aliyefundisha kwaya kanisani, alileta santuri za Kongo ambazo kinanda chake kilitetemeka kama mwanga wa chemli penye upepo, na gitaa likajijibu lenyewe kwa mwangwi. Mjomba alipenda magitaa ya Zambia yaliyoletwa na mabaharia wa meli ya Mpulungu, yenye mkwaruzo kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Mzee Sabimana, Mrundi aliyehamia kwetu zamani, hakuwa na santuri. Alileta inanga yake, ubao mrefu uliochimbwa kama sinia na kufungwa nyuzi, akaipiga huku akinong'ona tu, mpaka ukaapa kwamba maneno yanatoka kwenye ubao na yule mzee amefunga mdomo. Mama Idi, mwuza dagaa wa Kagunga aliyekuja kwa boti kila Alhamisi na kurudi Jumamosi, alileta sauti yake mwenyewe: kasida aliyofundishwa na bibi yake, ambayo mstari mmoja hurudiwa mpaka usikumbuke ulianza lini. Mimi niliruhusiwa kukaa kwa kuwa nilikuwa mpwa wa mwenye nyumba, na kwa kuwa nilijua kunyamaza.

Palikuwa na desturi. Muziki ukiisha, hakuna aliyesema neno mpaka kahawa izunguke. Kisha mjomba aliuliza, "Mmefika wapi?" na kila mmoja alieleza mahali alipopelekwa, akianza mdogo ili asije akawaiga wakubwa. Mara moja Mwalimu Stefano alisema amefika ndani ya kengele, mjomba akamwambia kwamba Wakristo hata wakipotea wanaishia kanisani. Mwalimu akajibu kuwa afadhali yeye kuliko mtu ambaye Ijumaa zote anaishia stesheni ya Tabora. Tulicheka hadi kahawa ikamwagika. Namshukuru Mungu kwa Ijumaa hizo. Sijaona tena watu wa dini mbili na lugha tatu wakisikilizana namna ile, kila mmoja akipewa muda wake na kuamini kwamba cha mwenzake nacho kina njia.

Mwaka huo Idi, mtoto wa kwanza wa Mama Idi, kijana wa miaka kumi na minane, alikwenda kuvua dagaa na hakurudi. Mtumbwi ulionekana ukielea karibu na Mwamgongo, kasia zimo, nyavu zimo, yeye hayumo. Kwa kuwa maiti haikupatikana, mama yake alikataa hitima isomwe. Alikosa Ijumaa nyingi. Aliporudi alikuwa amekonda, na alikaa mahali pake bila kuimba. Ijumaa hiyo hiyo mjomba alikuwa na santuri mpya kutoka kwa baharia mmoja. Ilikuwa imelowa maji safarini na karatasi yake ya katikati imebanduka, kwa hiyo hatukujua mwimbaji, wala lugha, wala wimbo unaitwaje. Gitaa lilianza kwa mbali kama mtu anayeburuta mnyororo ndani ya maji. Ngoma ilisikika kana kwamba inafika kabla haijapigwa. Halafu ikaja sauti ya mwanamume, ndefu, nzito, na jambo lililonisisimua mwili ni kwamba alisikika kama mtu aliyetupa kisogo.

Kahawa ilizunguka. Nikaulizwa mimi kwanza. Nilisema nimefika ufukweni, mchanga ni mweupe kupita wa kwetu, na watu wamesimama kwa mstari wakitazama ziwa, sisi tukiona migongo yao. Nilingoja wacheke. Mwalimu Stefano aliuliza kama maji yalikuwa na mawimbi, nikamwambia yalikuwa yamelala kama kioo. Alivua miwani yake akaanza kuifuta kwa ncha ya shati, akaendelea kuifuta ingawa ilikuwa safi, kisha akasema naye amewaona. Mjomba alikuwa amekunja mikono kifuani kama mtu mwenye baridi, na nje jua lilikuwa likichoma. Mzee Sabimana aliitikia kwa kichwa tu. Ndipo Mama Idi akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeonyesha nyumba yake:

"Wa tatu kutoka kushoto ni mwanangu."

Hakurudi Kagunga Jumamosi ile, wala iliyofuata. Alilala kwa dada yake pale pale Ujiji, na kila alasiri alikuja kuomba awekewe santuri ile. Alitaka jambo moja: Idi ageuke, amwone uso. Kule nyumbani alikuwa ameacha wadogo wawili wa Idi kwa bibi yao, na waliokuja na boti walituletea habari kwamba yule wa mwisho anaugua na anamwita mama. Alisikia, akasema atakwenda kesho. Mjomba alijaribu kukataa, akadai betri zimekufa. Mama Idi alimwambia, "Hamisi, wako wote wanakula kwako leo. Niwekee." Akamwekea. Lakini sindano ilikuwa ikila santuri. Kila siku mkwaruzo uliongezeka na yule mwimbaji akazidi kwenda mbali, nasi tuliona wazi kwamba sauti itakwisha kabla Idi hajageuka, na hatukujua mama huyu atafanya nini ikiisha.

Mjomba alimwita baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa madrasa. Baba alikaa, akasikiliza kwa heshima tangu mwanzo hadi mwisho, akasema yeye amesikia gitaa tu. Kisha akamweleza kwa upole kwamba aliyezama anahesabiwa na Mwenyezi Mungu miongoni mwa mashahidi, na kwamba wakati wa dua umefika. Mama Idi alimtazama.

"Maalim, utamsomea hitima mtu aliyesimama?"

Baba aliinuka, akatafuta viatu vyake mlangoni.

Ijumaa ya mwisho kizunguzungu chenyewe kilikuwa kimebaki kidogo sana. Ilikuwa kama mvua juu ya bati, na chini yake uzi mwembamba wa gitaa. Nilifumba macho, nikaona giza la kope zangu na si kingine. Santuri ilipokoma, mjomba hakuuliza. Mama Idi aligeuka kwangu mwenyewe, kwa kuwa ndimi niliyepaswa kuanza. Nilikuwa nimefundishwa uongo ni nini, na adhabu yake. Nilisema, "Amegeuka."

"Anafanya nini?"

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Sikumfahamu Idi, sikuwahi kumwona hata siku moja. "Anatafuna," nikasema.

Alicheka. Baada ya miezi yote ile, alicheka mpaka akafunika uso kwa ncha ya khanga, akisema mdomo wa mtoto yule haukujua kupumzika hata akiwa usingizini. Na hapo Mzee Sabimana, macho bado yamefumbwa, akasema taratibu, "Ego, ndiyo. Muwa. Anatafuna muwa."

"Ameniona?" Mama Idi aliniuliza mimi.

"Amekuona. Halafu akawafuata wenzake."

Kisha aliinuka, akajifunga khanga, akaniambia nikamwambie baba asome. Hitima ilisomwa jioni ile ile, na kesho yake alipanda boti. Yule mdogo alipona, tulisikia. Sikumuuliza Mzee Sabimana kama alikuwa akiusaidia uongo wangu au kama alimwona, na sasa yuko mahali ambapo siwezi kumfuata kwa maswali.

Nimefundisha watoto wa watu dini kwa miaka mingi tangu hapo. Katika kila toba niliyoomba, uongo ule nimeutaja, lakini sijaweza kuujutia mpaka mwisho. Siku hizi muziki wa dunia nzima uko kwenye simu, safi, hauchoki wala hauliwi na sindano, na kila mtu anasikiliza peke yake na vidude masikioni. Hapa Buzebazeba, si mbali na Ujiji, nina jirani aliyefiwa na binti. Amebaki na ujumbe wa sauti ambao binti alimtumia, akisema asipikiwe, atachelewa. Nyuma yake kuna muziki kwa mbali, magitaa yanayozunguka, sijui ni wapi alikuwa. Mama huyu anauwasha kila siku akikaa barazani kwangu. Juzi alinipa simu, akaniuliza kama namsikia binti akicheka mwishoni, chini ya ule muziki. Nilisikiliza kwa makini, nikamwambia kweli, kwamba sikumsikia. Alipokea simu akaiweka mapajani, na hakuondoka. Yule wa Kagunga nilimdanganya, akaenda kwa wanawe. Huyu nimemwambia kweli, na jua lilikuwa limeshavuka upande wa pili wa baraza bado amekaa. Nikanyoosha mkono, nikamwomba aurudie ujumbe ule.