Gatsinzi, mrusha mpira anayeogopa jina lake

Saa nane na dakika kumi mchana, simu inatetemeka mfukoni mwa Gatsinzi Mizero na boksi la viatu linamponyoka. Linaanguka kwenye sakafu ya ghala na kupasuka pembeni. Msimamizi anageuka kumtazama. Gatsinzi wala hamwoni. Macho yake yako kwenye namba inayompigia, inayoanza na 716, na namba hizo ni za Buffalo.

Hapokei. Anaiacha ilie mpaka ikome, kisha anainama kuokota viatu.

"Bon, mi naogopa," anasema baadaye kwenye chumba cha mapumziko, chakula chake hakijaguswa. "Sitakudanganya. Simu ikilia, naogopa. Barua ikikuja, naogopa. Ata mutu akiniita jina kwa nyuma, naogopa."

Ana miaka thelathini na nane, bega la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto, na sauti yake ni ya chini mno, ukitaka kumsikia lazima usogee. Anafanya kazi katika ghala hili nje kidogo ya Columbus, Ohio, kwa dola kumi na tisa na nusu kwa saa. Anaishi Reynoldsburg na mkewe, Rakeli, na watoto wao watatu. Na kila Jumamosi, hadi mwezi uliopita, alikuwa mrusha mpira wa timu ya softiboli ya wafanyakazi wa ghala, iitwayo Itombwe, jina la milima ya kwao.

Najua unachotaka kuuliza. Mkongo wa milima ya Kivu Kusini na softiboli, wapi na wapi?

Jibu liko kwenye ng'ombe. Gatsinzi alichunga tangu akiwa na miaka sita. "Ng'ombe ya mbele ikipotea njia, hatuipige jiwe," anaeleza. "Fimbo iko mukono moja. Mukono ingine inatupa jiwe chini-chini, lianguke mbele ya macho yake. Inageuka yenyewe." Anainuka na kuonyesha. Mkono unatoka kwenye nyonga, haraka, bila kishindo, na mtu aliyekuwa akinywa soda meza ya pili anajikuta ameinamisha kichwa.

Vita vilimtoa milimani. Alikaa kambini Burundi miaka saba, kisha miaka tisa iliyopita akaletwa Louisville, Kentucky, akapata kazi kwenye kiwanda cha vipuri vya magari. Siku moja alimtupia mwenzake chungwa kutoka upande wa pili wa uwanja wa kiwanda. Mzee mmoja Mmarekani aitwaye Verlin akaliona chungwa lile likipita, akaacha sandwichi yake, akaja kumshika mkono.

Verlin alikuwa na timu ya softiboli ya wanaume, ile ya mpira wa kasi. Mrushaji huzungusha mkono duara zima, na mpira lazima uachiwe chini ya nyonga. Anayengoja na gongo yuko mita kumi na nne tu mbele yake. Kwa kasi ya Gatsinzi, hapati hata nafasi ya kukohoa.

Sasa sikiliza kanuni, maana balaa lote limetokea hapo. Ligi hii ya majimbo kadhaa hupanga timu kwa madaraja. Daraja A ni la wakali. Daraja C ni la watu wa kazi, wanaocheza Jumamosi wakarudi nyumbani kula. Aliyerusha mpira daraja A haruhusiwi kurusha daraja C mpaka ipite miaka mitatu. Ni kanuni ya haki kabisa, vinginevyo kila timu ya chini ingeficha mkali mmoja na kubeba vikombe vyote.

Louisville, Gatsinzi alirusha misimu minne. Daraja A. Kwenye orodha ya ligi aliandikwa Gatsinzi Mizero.

Mwaka juzi familia ikahamia Columbus. Kazini, kompyuta ikamtolea kitambulisho kilichoandikwa Mizero Gatsinzi. Hakulalamika. Kwao mtoto hapokei jina la ukoo. Baba yake hakuitwa Gatsinzi, wala hakuitwa Mizero. Mtu anapewa majina yake mwenyewe, na lipi litangulie ni shauri la anayeandika.

Mwanzo wa msimu huu, Nshombo anayetokea Bukavu, dereva wa forklifti, mashine ya kunyanyua mizigo, akaanzisha timu. Alikusanya vitambulisho vya wenzake, akanakili majina, akayapeleka ligini.

"Donc, mi niliandika sawa kitambulisho inasema," Nshombo anajitetea, mikono hewani. "Ligi balitafuta ile jina kwa ordinateur, ile kompyuta yabo, hawakuona kitu. Bakasema huyu ni mupya, C. Mi nilijua nini, ndugu yangu?"

Nshombo hakujua. Lakini mwenye jina je? Mwandishi huyu alimuuliza, na Gatsinzi akangoja mpaka kengele ya mapumziko ikalia.

"Mwezi wa tano nilijua," akasema akiinuka. Orodha ilibandikwa kwenye uzio wa uwanja mmoja Westerville, jirani na Columbus. Aliliona jina lake limegeuzwa, na pembeni yake herufi C. "Nikasema kesho nitamwambia Nshombo. Kesho yake tukashinda. Nikasema kesho ingine."

Kwa nini alinyamaza? Kambini, anasema, jirani yake alikwenda ofisini kusahihisha herufi moja tu kwenye faili lake. Faili likarudishwa nyuma, akangoja miaka miwili zaidi huku wenzake wakipanda ndege. Tangu hapo Gatsinzi akiona karatasi imekosea, anapita mbali nayo.

Julai, Itombwe wakaenda Buffalo kwenye mashindano. Wakongo wa makanisa ya mtaa wa Kensington-Bailey walijaa uwanjani na masufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, na wali, wakaimba kana kwamba ni harusi. Kati yao alikuwa Bamurange, mama wa kwaya aliyewahi kuishi Louisville. Alipomwona Gatsinzi akizungusha mkono, furaha ikampanda kichwani.

"Gatsinzi! Gatsinzi wetu wa Louisville!" Akamgeukia mzungu aliyesimama karibu yake, akamsimulia kwa Kiingereza chake chote: huyu ndugu yetu aliwanyoosha wakali wa daraja A misimu minne, hakuna aliyemgusa, muulize yeyote!

Yule mzungu alikuwa kocha wa timu pinzani.

Itombwe walishinda mbili kwa bila. Kombe halikutolewa. Kocha alikuwa ameshaweka pingamizi.

Barua ya ligi ilifika Reynoldsburg baada ya siku tisa. Aliyeisoma ni Hadassa, binti yao wa miaka kumi na minne, aliyesimama jikoni akitafsiri mstari kwa mstari. Alipofika katikati aliishusha karatasi. Baba akamwambia endelea. Akamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hapo wameandika udanganyifu. Kwamba baba alicheza kwa jina la uongo.

"Nilimuona anakaa chini," anasema Rakeli. Yeye hufanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na si mtu wa kutishika ovyo. "Hakukaa kwa kiti. Alikaa chini kabisa. Nikajua hii si mambo ya mpira."

Ni kweli, hayakuwa mambo ya mpira. Gatsinzi ana miadi ya mahojiano ya uraia, tarehe kumi na saba Septemba. Kwenye fomu aliyotuma mwaka jana kuna swali: majina mengine uliyowahi kutumia? Alijibu: hakuna. Aliapa kwamba majibu yote ni ya kweli, akatia sahihi. Na sasa, huko Buffalo, kuna watu wanaandika rasmi kwamba ana majina mawili na moja ni la uongo.

"Bakiziweka zile karatasi mbili pamoja, mimi nimekwisha," anasema. "Batoto bote watatu banazoea hapa. Bananifukuza peke yangu? Ao sisi bote? Nani atanijibu?"

Kamati ya madaraja ya ligi, yenye ofisi Buffalo, ilimpa njia ya mkato. Atie sahihi tamko kwamba alitumia jina la uongo kwa makusudi. Atafungiwa msimu mmoja tu, na timu itabaki daraja C. Akikataa, Itombwe itapandishwa kwa nguvu hadi daraja A. Madereva wa forklifti na wapanga maboksi mbele ya wakali wale! Timu ingekufa kabla ya Juni.

Wenzake wakaanza kumsonga. Saini tu, kaka. Msimu mmoja ni nini? Nshombo alikuja nyumbani mara tatu, mara ya tatu na soda na keki. Gatsinzi akaacha kupokea simu. Akaacha hata kwenda ibada, kwa sababu pale mlangoni kuna mzee anayesalimia watu kwa majina kamili, kwa sauti.

Rakeli ndiye aliyempeleka kwa mwanasheria, mwanamke wa shirika moja la kusaidia wakimbizi. Mwanasheria akasoma lile tamko mara mbili na kulisukuma mbali. Usitie sahihi kwenye neno uongo, akamwambia, kwa sababu si kweli. Na fomu ya uraia lazima tuirekebishe sasa, kabla hawajauliza. Kisha akasema jambo ambalo Gatsinzi analirudia kila siku: siwezi kukuahidi chochote.

Simu ya 716 mchana ule ilikuwa ya katibu wa kamati, aliyeacha ujumbe akithibitisha kikao. Jumamosi, saa nne asubuhi, Buffalo.

Gatsinzi, Rakeli na Nshombo waliendesha gari kwa saa tano na zaidi, wakalala kwa Bamurange, ambaye alilia tangu mlangoni. "Mi nilikusifu, ndugu yangu! Nilikusifu tu!" Gatsinzi alimpa mkono, akaomba maji.

Kikao kilifanyika kwenye chumba kidogo chenye meza moja na wazee watatu wenye kofia za ligi. Rakeli alifungua mkoba na kupanga kadi nne mezani: ya kambi, ya ubatizo, ya kiwanda cha Louisville, ya ghala. Mbili Gatsinzi mbele, mbili Mizero mbele. Mwenyekiti alivaa miwani, akazitazama moja moja, akauliza jina la kwanza ni lipi. Gatsinzi akasema yote mawili. Wazee wakanong'ona. Mwenyekiti akachukua kalamu na kulikata neno uongo kwenye lile tamko.

Nshombo alipumua kwa nguvu hadi watu wakageuka. Mambo yalikuwa yameisha, au karibu.

Ndipo mwenyekiti akauliza swali moja zaidi, karibu kama la adabu tu. Je, ulijua kwamba umepangwa daraja lisilo lako?

Kama hakujua, kosa ni la orodha na kombe ni lao, na hakuna aliyeweza kuthibitisha lolote. Orodha ya Westerville ilikwisha kutolewa kwenye uzio. Nshombo alikuwa anatikisa kichwa polepole: sema hapana, sema hapana. Rakeli akamsogezea mumewe glasi ya maji.

"Ndiyo," Gatsinzi akasema. "Tangu mwezi wa tano. Nilinyamaza juu niliogopa."

Uamuzi ulichukua dakika kumi na tano. Kombe linakwenda kwa timu ya Buffalo. Itombwe inabaki daraja C, kwa kuwa wengine hawakujua. Gatsinzi amefungiwa miaka mitatu, madaraja yote.

Nshombo hakumsemesha njia nzima ya kurudi. Siku hizi wanasalimiana tena, kwa shida. "Nilikasirika, siwezi kukataa," Nshombo anasema. "Angesema hapana, tungekuwa na kombe. Lakini bon, mi sina ile roho yake."

Marekebisho ya fomu yametumwa. Mwanasheria alimwambia hapo ndipo mwisho wa uwezo wake. Usingizi wa Gatsinzi haujarudi, na amepungua kilo nne. Kila jioni baada ya chakula, Hadassa anajifanya afisa wa uraia, akiwa upande wa pili wa meza na kalamu sikioni. Anauliza kwa Kiingereza, haraka na bila huruma, kama alivyoambiwa kwamba maafisa huuliza.

Umewahi kutumia jina lingine?

Gatsinzi anajibu ndiyo, kwa Kiingereza, na anayataja.

Kwa nini basi uliandika hakuna?

Swali hilo halimo kwenye kitabu cha mazoezi. Hadassa amelitunga mwenyewe. Baba yake anamwangalia, mikono imeshika ukingo wa meza. Rakeli ameacha kuosha vyombo. Gatsinzi anajibu kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza kimemkimbia.

"Juu mutu alikuwa mumoja."

Hadassa anaandika jibu lile, anamtafsiria kwa Kiingereza, wanalirudia mpaka linamkaa mdomoni. Mwandishi huyu anamuuliza atafanya nini wakimpa uraia. Mpira hawezi, amefungiwa. Anafikiri.

"Banasema siku ya kiapo banasoma majina ya watu bote, mbele ya jaji," anasema. "Baniite vile banapenda. Gatsinzi mbele ao nyuma. Mi nitaitika."