Wimbo Niliompigia Neema Kule Nsungwi

Hadi leo nikisikia gitaa kwenye sherehe huwa natafuta ukuta wa kujificha. Nitawaambia sababu, na mkicheka chekeni tu, wenzenu walinicheka kabla yenu, tena kwa lugha tano.

Niliondoka Uvira, Kongo, nikiwa kijana mwenye gitaa na shati moja, nikavuka ziwa hadi Kigoma, nikakaa kambini miaka, nikachoka (mimi nikikaa sana mahali pamoja nyayo zinaniwasha), nikapanda Mbeya kubeba magunia ya mchele ya watu, nikavuka mpaka nimelala juu ya vitunguu, nikatokea Karonga nikinuka kama mchuzi, na mwisho nikafika Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, ambako dada yangu Faida alikuwa amenitangulia na binti yake Neema. Nyuzi mbili za gitaa zilikatika njiani, na akili nadhani ilikatika pale pale.

Neema alikulia Dzaleka, akawa fundi cherehani, akapendwa na Chikondi, Mmalawi wa Nsungwi, mtaa wa Lilongwe, anayechomelea milango ya chuma kule Area 23. Chikondi hakuwa na neno. Wenye maneno walikuwa shangazi zake, hasa mmoja mnene mwenye sauti ya kengele, ambaye alisema waziwazi kwamba wasichana wa kambini hawapendi mtu, wanatafuta mlango wa kutokea. Walizungusha jambo miezi minane, wakakubali shingo upande, na hata hivyo wakataka chinkhoswe ifanyike kwao. (Chinkhoswe ni siku ambayo pande mbili zinakubaliana kwa kupeana jogoo na tetea, na kwa haki hufanyika kwa binti, lakini shangazi walisema hawawezi kuchafua viatu Dzaleka.) Kila upande unakuwa na msemaji na mdhamini wa ndoa, yaani nkhoswe, na nkhoswe wa upande wa binti ni mjomba wake. Ndiyo mimi. Niliazima koti.

Sasa, wiki mbili kabla yake nilikuwa nimeitwa City Centre kwenye semina ya wanamuziki wakimbizi, tukapewa soda, tukaambiwa kwamba muziki wa dunia ni daraja, kwamba muziki hauhitaji mkalimani, tukapigwa picha tumeshikana mikono na watu ambao hatukuwaona tena, tukapewa na fulana zenye maneno hayo kifuani. Mtu wa umri wangu angeivaa fulana ile shambani. Mimi niliivaa ndani ya koti la nkhoswe.

Asubuhi tunatoka, Faida akaniona nabeba gitaa.

"We Kashindi, hiyo ya kazi gani? Bale bantu biko na muziki yabo."

"Wimbo moja tu, yaya," nikamwambia dada yangu. "Ule wa kuaga."

"Ule? Pale? Bantu ba huku habajue mambo yetu!"

"Muziki haina mkalimani," nikamjibu, nikafungua koti nimwonyeshe fulana.

Kwetu, mnajua, binti anayeolewa lazima alie. Akitoka kwa mama yake na macho makavu, majirani wanasema hana adabu, alikuwa anasubiri kukimbia. Kwa hiyo kuna ule wimbo, unamuuliza mama nani atakuwashia moto alfajiri, nani atakuchotea maji, na hakuna mwanamke wa kwetu anayeufikisha mwisho akiwa amesimama.

Tukafika, mahema mazuri, watu wamejaa, muziki wao unarusha watu. Pakafika pale ambapo binti anaulizwa mbele ya wote kama anamjua mwanaume huyu na kama anamtaka. Mimi nikainua mkono. "Kabla hajajibu," nikasema kwa Kichewa changu cha sokoni, "mjomba ana zawadi." Tetea wetu nikamkabidhi Faida, nikapiga.

Na nilipiga vizuri, hilo nalo ni sehemu ya msiba. Beti la kwanza Faida akaketi chini, miguu ameinyoosha. La pili mama zetu wote kumi na wawili tuliotoka nao kambini wakaketi, vitambaa vimeanguka, wanaomboleza kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Uvira, tetea ameponyoka anapita kati ya meza. Mimi nimefumba macho naona ziwa letu. Nilipofumbua nikaona Neema analia mpaka mabega yanaruka, na yule anayeuliza maswali anamuuliza mara ya tatu, "Unamtaka?", naye hawezi kutoa hata neno.

Shangazi mnene akasimama. "Mnaona? Analazimishwa! Huyu ana mtu wake kambini!" Chikondi akawa rangi ya majivu. Nami, badala ya kuacha, nikaongeza sauti, nikidhani wimbo utajieleza wenyewe.

Ukajieleza kwa mtaa mzima. Lango likafunguka, wakaanza kuingia majirani, wanawake wamejifunga vitenge kiunoni, mmoja na sahani ya unga, mwingine na kuni kichwani, maana kilio kile kwao ni cha aina moja tu. Bibi kizee mmoja akamkumbatia Faida, akalia naye kwa moyo wote, halafu akauliza, "Wamwalira ndani?" Nani amekufa?

Hapo Neema akacheka. Alicheka huku machozi yanamtiririka, akanyanyuka, akasema kwa Kichewa safi kuliko cha kwangu: "Hajafa mtu. Kwetu anayeolewa bila kulia anaonekana hana mama. Chikondi namtaka, nilimtaka kabla hamjaninunia. Mwenye kosa ni yule." Akaninyooshea kidole mimi mjomba wake. "Tonton, weka gitaa chini."

Chinkhoswe ikaendelea, lakini shangazi akasema nkhoswe anayeleta matanga hawezi kudhamini ndoa, na hakuna wa kwetu aliyebisha. Tetea alipokamatwa akapewa mchungaji wa kanisa letu, mtu baki kabisa, akamkabidhi kwa mikono miwili mahali pangu. Nililitazama tukio hilo kutoka kwenye foleni ya chakula, koti nimelifunga mpaka shingoni.

Dzaleka wakaniita Maliro, yaani Matanga. Vijana wa kabaza, wanaobeba abiria kwa baiskeli, walikuwa wanapunguza mwendo kwa heshima wakinipita. Nilivumilia mwaka na nusu, kisha nyayo zikaanza kuwasha.

Siku ya kuondoka kabisa nilikuwa nimeapa kutopiga wimbo kwa watu kabla sijauliza wao hulia lini, na gitaa nilikuwa nimemwachia Neema. Akaja kuniaga stendi ya Lilongwe, mtoto mgongoni, pamoja na Chikondi, Faida, na nani tena? Shangazi. Nimeshaketi dirishani, basi linanguruma, mama yule akashika kiuno akaanza kuimba kwa sauti yake ya kengele, maneno ameyavunjavunja: nani atakuwashia moto, nani atakuchotea maji. Neema alikuwa amemfundisha. Faida akaketi chini pale pale kwenye vumbi.

Mzee mmoja aliyekuwa anapita akavua kofia. "Wamwalira ndani?"

Shangazi, bila kukatisha wimbo, akaninyooshea kidole mimi.