Salamu ya Mzee wa Banjo

Tulikuwa sita katika ukumbi mdogo wa Wembley, Jumapili mchana: dereva wa basi na fidla yake, mama wa besi, mpiga gitaa, Mwingereza mzee wa banjo aliyekuwa kiongozi wao, mwenzetu wa Tanga, aliyeleta mandolini akitamani kuingia bendi, na mimi, msindikizaji. Wanapiga bluegrass, muziki wa milimani Marekani, wote wakizunguka maikrofoni moja.

Katikati ya wimbo, mzee alimwashiria mwenzetu kwa kichwa. Naye, mtu wa adabu, akainama, mkono kifuani. Akaashiriwa tena, akainama zaidi. Wimbo ukaisha.

"Mbona hataki kupiga?" mzee akaniuliza, akianza kukata tamaa.

Nikamgeukia mwenzetu. "Bwana, hakusalimu. Anakupa zamu."

"Si aseme! Nimeitikia mpaka shingo inauma."

Nilipotafsiri, mzee alicheka hadi akaketi. Akaniomba neno la Kiswahili. Wimbo uliofuata akaita, "Karibu!" Mwenzetu akasogea, akapiga, akachukuliwa kwenye bendi.

Shuleni tulifundishwa kwamba Mwingereza hasalimu mtu akiwa kazini. Laiti ningelikumbuka mapema.

Kwa miaka tisa mzee aliita "Karibu!" kila Jumapili, na mwenzetu aliinama kwanza ndipo akapiga. Mzee wa banjo alifariki Jumanne iliyopita.