Maziwa ya Mama Noela

Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea Mama Noela maziwa, kwa hiyo sina pa kujificha katika habari hii.

Jina lake ni Serafina. Alitoka Ushirombo akiwa msichana, akaolewa huku machimboni Geita, akafiwa na mume, akabaki na binti mmoja na kazi moja ya kuchoma dhahabu. Wachimbaji walimletea donge la dhahabu iliyoshikana na zebaki. Yeye aliliweka kwenye kikaango juu ya jiko la mkaa, zebaki ikaruka kuwa mvuke, dhahabu ikabaki. Alisifika kwa mkono mtulivu.

Alichomea jikoni, mlango na dirisha vimefungwa, maana huku wakijua unachoma, wageni hawakosekani, na wengine huja na mapanga. Akimaliza, alikunywa kikombe cha maziwa. Wachomaji wote hunywa. Tunaambiana kwamba maziwa yanafukuza sumu. Nami mwenye ng'ombe nilisema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote.

Noela alipopata mimba alirudi kwa mama yake. Akawa anakaa naye humo jikoni akichambua mchicha, na mama akimgawia nusu kikombe.

"Kunywa, mwanangu. Haya ni ya mtoto."

Kabla Noela hajajifungua, mkono wa mama yake ulianza kutetemeka. Wengine walisema karogwa. Mimi nilimwongezea maziwa.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wetu anaitwa Monika. Alizaliwa na sura nzuri, lakini ana miezi kumi na shingo bado haijakaza, na ukigonga sufuria nyuma yake hageuki. Tulikwenda hospitali sote. Daktari hakutufokea, afadhali angefoka. Alisema mvuke wa zebaki huingia mapafuni, ukafuata damu hadi kwenye ubongo, ukang'ang'ania seli za neva. Ubongo unauambia mkono utulie, lakini ujumbe unaharibika njiani. Mja mzito akiuvuta, unapita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto.

"Na maziwa, daktari?" niliuliza.

"Maziwa ni chakula, mama. Hayaondoi zebaki mwilini."

Mama Noela aliuliza kama mjukuu atapona. Daktari alisema watamsaidia, ila kilichoharibika tumboni hakirudi chote. Siku hiyo Mama Noela aliacha kuchoma. Mkono haukuacha kutetemeka.

Jana nilimkuta akimlisha Monika uji. Kijiko kiligonga fizi za mtoto, uji ukamwagika kifuani.

"Nishikie mkono, Mama Cornel," aliniambia.

Nikaushika, tukamlisha pamoja. Niliona haya hata kumtazama.

Nilipotoka, mke wa Onesmo, jirani ambaye naye huchoma dhahabu, aliniita mlangoni kwake. Ana mimba kubwa, na jiko lilikuwa tayari linawaka ndani. Alitaka lita moja. Nikamweleza yote aliyosema daktari, nikamsihi azime jiko. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Mama Cornel, si wewe uliyetufundisha maziwa?"

Akachukua chupa mkononi mwangu, akaingia jikoni, akafunga mlango.