Mgongo wa Ralaivao

Kila siku ya gulio, saa tatu asubuhi, Voahirangy aliwaacha wateja wake wa picha za vitambulisho, akasimama kwenye dirisha la studio yake ya ghorofani na kuipiga picha njia panda ya mji wa Ambatolampy. Alianza mwaka ule ilipobomolewa nyumba ya roshani ya mbao pale kona. Wiki mbili baadaye alijaribu kukumbuka ilikuwa na madirisha mangapi, akashindwa. Jambo hilo lilimkera. Basi miaka kumi na tisa ikapita, dirisha lile lile, picha moja kila gulio.

"Voahirangy, hiyo barabara utafunga nayo ndoa lini?" wavuta riksho walimtania.

"Ninyi ndugu zake ndio mnaochelewesha mahari," aliwajibu.

Siku moja alikuja Bakoly, mjane wa Ralaivao, yule fundi wa kusubu sufuria za alumini aliyezikwa wiki tatu nyuma. Watoto walitaka picha ya baba yao ya kuweka ukutani, na haikuwapo hata moja. Ujanani alumini iliyoyeyuka ilimrukia shavuni ikamwachia kovu, na tangu hapo akaikimbia kamera.

"Hata ya harusi, dada?"

"Ya harusi ameinama. Alijifanya anafunga kamba za viatu."

Voahirangy alicheka, lakini udadisi ulikwisha kumwingia. Mtu anawezaje kuishi mji mdogo namna hii miaka yote asinaswe na kamera? Akateremsha maboksi, akachukua kioo cha kukuzia, wakakaa wawili mezani.

Kazi haikwenda haraka. Bakoly alisimama kwenye kila picha. Hapa palikuwa na mshona viatu. Huyu si mama yake Lalao, kabla hajanenepa? Na ule mti mkubwa, waliukata lini? Mchana wa siku ya pili akaweka kidole juu ya picha moja.

"Huyu hapa."

Voahirangy aliona mgongo tu: koti la kahawia, kofia ya ukindu, bega la kushoto limeshuka.

"Una hakika?"

"Miaka thelathini na minne nimemtazama akitoka mlangoni. Mgongo huu nitauchanganya na wa nani?"

Baada ya hapo wakawa wanamwona kila mahali. Siku za mvua, siku za vumbi, koti likipauka, bega likizidi kushuka. Na daima amelipa dirisha kisogo. Kumbe saa ya picha aliijua. Ila kulikuwa na jambo Voahirangy hakulielewa: kila mara mtu huyu alikuwa amesimama mahali pamoja, mbele ya meza ya Razay, muuza vitumbua vya mchele. Akasogeza kioo.

"Dada, mumeo alipenda vitumbua?"

"Hakuvigusa. Vyangu alivikataa tangu mwaka wa kwanza. Alisema tumbo lake haliviwezi."

"Basi tazama mkono wake."

Bakoly alitazama. Akachukua picha nyingine, na nyingine. Kitumbua, kitumbua, vitumbua viwili. Mabega yake yakaanza kutikisika, Voahirangy akadhani analia, kumbe ni kicheko, kisha kikachanganyika na kilio.

Wakavuka barabara pamoja. Razay aliona haya, akajifuta mikono mara mbili.

"Alisema vyako vinakuwa vigumu, mama. Akaniapisha nisikuambie. Alisema kuliko akuumize, heri lilaumiwe tumbo."

"Vigumu?" Bakoly alisema. "Miaka yote hiyo nampikia uji!"

Alikaa kwenye benchi, akaomba viwili, akala taratibu. Alipomaliza akamuuliza Razay unga anauumua kwa muda gani.

Wanawe hawakupenda picha aliyoichagua. Mgongo ukutani, wageni watasema nini? Bakoly akawaambia wageni wakiuliza atawasimulia, na akaitundika sebuleni. Wageni waliuliza kweli, na waliposikia, wakaanza kupanda ngazi za Voahirangy mmoja mmoja, kila mtu na marehemu wake wa kumtafuta pichani, hadi ikambidi anunue kioo cha pili.